Mzigo usiotajwa ndio unaoua

Wadau wa Mbulu na Hanang, hili la mizigo ya hatari tusiwaachie wazungu. Haydom kuna kiwanja cha ndege pale hospitali, na ndege ndogo zimetua miaka mingi. Humo abiria na mzigo ni pua na mdomo. Halafu mtu anaficha kidumu cha petroli kwenye begi, eti "kadogo tu"!

Mei 1996 ndege ya ValuJet ilianguka Florida, Marekani. Watu 110, hakupona hata mmoja. Chini ya abiria vilipakiwa vifaa vya kuzalisha oksijeni, ambavyo vikifyatuka hutoa joto kali. Havikuwa na vifuniko vya usalama, na karatasi ziliandikwa kwamba ni vitupu. Rubani angekataaje mzigo asioujua?

Leo hatari tunayo mifukoni: pawabenki. Betri ya lithiamu ikiwaka kwenye begi la chini, hakuna wa kuiona mapema. Ndiyo maana pawabenki hukaa begi la mkononi, na tangu Aprili 2016 ICAO imezuia betri za lithiamu-ioni zisizo na kifaa kupakiwa kama shehena kwenye ndege za abiria. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ina kama 74, hivyo inaruhusiwa.

Kwa hiyo ukiulizwa umebeba nini, sema kweli. Anayeficha anamchezea hata mgonjwa aliyelazwa kiti cha nyuma. Au nyie mnaonaje?