Lakabu za matoleo: acheni kupamba, anzeni kupanga

Niseme wazi tangu mwanzo ili asiyependa kuudhika afunge ukurasa huu mapema: lakabu nyingi tunazoyapa matoleo ya programu zetu hapa Nairobi hazina kazi yoyote. Phoenix. Titan. Zeus. Apollo. Karibu kila timu niliyokaa nayo meza moja ina Phoenix wake, na ukiuliza kama Phoenix ilitangulia Titan au ilifuata, watu wanaanza kukuna vichwa. Halafu tunajiita wahandisi!

Kwa msomaji asiye wa kazi hii: lakabu ni jina ambalo toleo hupewa likiwa bado jikoni, kabla halijapata nambari wala tarehe ya kutoka. Chicago ya Microsoft ndiyo iliyokuja kuwa Windows 95. Whistler ikawa Windows XP. Sasa, kuna wanaosema huu ni utoto, nambari zinatosha. Na kuna wanaodhani ni nafasi ya kutuonyesha kwamba walisoma hadithi za Wagiriki. Nina ugomvi na wote wawili.

Tuanze na ndugu zangu wa nambari. Shida ya nambari ni kwamba huwa huijui kwa hakika mpaka siku ya mwisho. Waulizeni Debian. Mwaka 1995 walikuwa wakiandaa toleo 1.0, kampuni moja iliyouza CD ikachukua kazi ambayo haijaiva, ikaichapa na kuisambaza kama 1.0. Debian wakalazimika kuiruka nambari hiyo kabisa. Toleo lililotoka Juni 1996 likawa 1.1, lakabu yake Buzz. Tangu hapo kazi inayoendelea hukaa kwenye folda yenye lakabu, si nambari. Siku ya kutoka ikifika, hakuna anayehamisha mlima wa faili kwenye seva. Wanabadilisha kiungo kimoja tu, basi.

Au chukueni Ubuntu. Nambari zao ni mwaka na mwezi. Toleo la Aprili 2006 lilipaswa kuwa 6.04. Likachelewa hadi Juni, likawa 6.06. Kila barua pepe iliyosema 6.04 ikawa imesema uongo. Iliyosema Dapper ilibaki ya kweli. Hiyo ndiyo kazi ya lakabu: kukupa neno la kuitia kitu ambacho bado hakijazaliwa, neno lisilobadilika ratiba ikiteleza. Na sisi, ndugu zangu, ratiba zetu huteleza!

Hapa wapambaji wanaanza kushangilia wakidhani nimehamia kwao. Polepole.

Lakabu isiyo na mpangilio ni nusu ya kazi. Debian wenyewe ni mfano. Walichukua wahusika wa filamu ya Toy Story, kwa kuwa Bruce Perens, aliyeongoza mradi siku hizo, alikuwa mfanyakazi wa Pixar. Haya: Sarge, Lenny, Etch, Squeeze. Bila kuchungulia popote, lipi lilitoka 2007? (Ni Etch.) Katika orodha yote hiyo, jina moja tu linafundisha kitu lenyewe: Sid, yule mtoto mvunja midoli, ndilo jina la kudumu la toleo ambalo halijatulia. Ukilijua hilo huwezi kuliweka kwenye seva ya mteja. Hayo ndiyo majina!

Apple nao walituletea paka wakubwa: Cheetah, Puma, Jaguar, Panther, Tiger, na kuendelea hadi Mountain Lion mwaka 2012. Kuna nini hapo? Puma na mountain lion ni mnyama yule yule. Mwaka uliofuata wakawaacha paka, wakahamia majina ya mahali kule California.

Ubuntu walipata dawa. Kuanzia Dapper wanafuata alfabeti. Hardy iko kabla ya Jaunty kwa sababu H iko kabla ya J. Huna haja ya kukariri chochote. Herufi zilipoisha mwaka 2017, wakarudi kwenye A.

Mnaona nakuza mambo? Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kusaidia chama kimoja cha akiba na mikopo. Kampuni iliyowauzia mfumo, ambayo sitaitaja, iliyaita matoleo yake kwa miungu ya Kigiriki. Marekebisho ya hesabu ya riba yalikuwa ndani ya Hera. Fundi aliyetumwa alikuta Hera na Hermes kwenye diski moja, akaamini Hermes ndiyo mpya, akaiweka. Ilikuwa ya zamani. Mwezi mzima wanachama walikatwa riba kwa kanuni iliyokwisha kufutwa, hadi mama mmoja muuza mboga alipokuja na kijitabu chake na hesabu aliyoipiga kwa kalamu. Kampuni ikamlaumu fundi. Mimi nasema lawama ni ya yule aliyechagua majina mawili yanayofanana, yasiyosema lipi ni la kwanza, kisha akamwachia mtu mwingine kazi ya kubahatisha. Pesa zilizokatwa hazikuwa zake.

Sharti la pili: jina liwe kichwani mwa watu watakaolitumia. Google walilipa kila toleo la Android jina la kitindamlo, tena kwa alfabeti, kuanzia Cupcake mwaka 2009 hadi Pie mwaka 2018. Mpangilio ulikuwepo, safi kabisa. Lakini mwaka 2019 wakaacha kuyatangaza majina hayo, wakisema hayaeleweki duniani kote: pai si kitindamlo kila mahali, na kuna lugha ambazo L na R hazitofautishwi. Hilo la L na R tulihitaji kuambiwa kutoka Marekani? Ni mara ngapi umesikia lori likiwa rori kwenye simu?

Wala msikimbilie kunakili alfabeti ya Kiingereza. Kiswahili hakina Q wala X, na C haisimami bila H. Mkichagua wanyama, kumbukeni kwamba ng'ombe ana ritifaa. Liandike jina lake kwenye amri ya Linux bila kulikinga, na kompyuta itakungoja ufunge alama ya kunukuu hadi kesho. Jina la toleo liwe neno moja, herufi za kawaida, bila nafasi katikati.

Pendekezo langu? Reli ya zamani, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901. Mazeras, Mariakani, Voi, Mtito, Kibwezi, Makindu, Emali, Konza. Kila aliyewahi kupanda basi la usiku kutoka Mombasa anajua kwamba Voi inakuja kabla ya Makindu, na kwamba ukifika Konza Nairobi si mbali. Mpangilio umo kichwani mwa mteja tayari. Mwambie mhasibu "marekebisho yako yamo Makindu, nyinyi bado mko Voi," na hahitaji maelezo zaidi.

Na reli ina faida nyingine ambayo Mkenya ataielewa haraka: inapita kwa watu wengi. Majina ya mahali nchini mwetu yana uzito. Ukichagua milima ya upande mmoja tu, usishangae timu ikianza kununa. Majina ya wanasiasa hata usiyaguse. Toleo lako linahitaji kudumu kuliko miungano yao.

Najua nitaambiwa: je, akija mteja kutoka Ujerumani? Sisi tulijifunza kusema Yakkety Yak, tukaishi. Yeye hawezi kushindwa na Voi, herufi tatu.

Kwa hivyo kabla hujalibatiza toleo lako lijalo, mpigie simu mtu wa huduma kwa wateja. Mtamkie majina mawili ya orodha yako mara moja tu, umwombe ayaandike, kisha muulize lipi linatangulia. Akishindwa, usimlaumu yeye. Tupa orodha nzima, uanze upya.

Mwenye hoja bora na ailete. Lakini asije na Zeus.