Meli Ndogo ya Anasa na Msafiri wa Dagoretti Corner

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kauli hii yaweza kudhaniwa kuwa haimhusu mkazi wa Dagoretti Corner, pale Barabara ya Ngong inapokutana na Barabara ya Naivasha, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huko maseremala huanika vitanda na makabati kando ya njia, makanga huwaita abiria wa Kawangware na wa Karen, na pwani iko mbali kwa safari ya karibu kilomita 500 kwa barabara. Hata hivyo, mahali papo hapo ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ya Kenya. Kutoka mtaa huo wa bara hutolewa habari za mvua, za pepo na za mawimbi ya Bahari Hindi. Bahari, basi, ina ofisi yake Dagoretti Corner. Kinachokosekana ni mwongozo wa kumwelekeza mkazi wa hapo anapotaka kuiendea bahari hiyo kwa mapumziko.

Miongoni mwa mapumziko yanayopigiwa upatu siku hizi ni safari ya meli ndogo ya anasa. Atakaye habari zake huingia katika ofisi ya wakala wa usafiri jijini, naye hukabidhiwa kijitabu cha Kiingereza chenye picha za kamba wa baharini, za mabwawa ya kuogelea na za machweo. Kijitabu hicho huanza na chakula na huishia kwenye bei. Bahari yenyewe huwa ni pambo la jalada. Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba mwongozo wa safari ya namna hii unafaa kuandikwa kwa Kiswahili, tena uanze na bahari, kwa kuwa Kiswahili ni lugha iliyokwisha kuijua bahari karne nyingi kabla ya vijitabu hivyo kupigwa chapa.

Kwanza, ni muhimu kueleza meli ndogo ya anasa ni chombo gani. Meli kubwa za kitalii za leo ni miji inayoelea. Ile iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, hubeba zaidi ya abiria 5,000. Meli ndogo ya anasa hubeba abiria mia moja, mia mbili, au zaidi kidogo ya hapo. Pwani ya Kenya si ngeni kwa vyombo hivi. Katika miaka ya 1990 meli ndogo ya Royal Star ilikuwa na makao yake Mombasa, ikiwapeleka watalii Zanzibar na visiwa vingine vya Bahari Hindi. Kwa hivyo, anayedhani kwamba safari hizi ni mambo ya Ulaya na Karibiani pekee amesahau historia ya bandari ya kwao.

Udogo wa meli una faida zake. Chombo kisichohitaji kina kikubwa cha maji huweza kutia nanga karibu na miji mikongwe na visiwa ambavyo meli kubwa huvitazama kwa mbali tu. Wahudumu ni wengi kwa kulinganisha na abiria, na baada ya siku mbili humwita kila mmoja kwa jina. Hakuna foleni ndefu za chakula. Lakini msafiri asitarajie kumbi kubwa za maonyesho, wala maduka, wala umati wa kujifichia. Atakaa na watu wale wale mezani, sitahani na katika mashua ya kwenda ufuoni. Asiyependa mazungumzo ataona safari ni ndefu. Aendaye na watoto wadogo aulize mapema, maana vyombo vingi vya aina hii vimetengenezewa watu wazima wanaotafuta utulivu.

Pili, suala la gharama. Nauli huwa kubwa, na maneno "kila kitu kimelipiwa" hayana maana moja katika kila meli. Kuna meli ambamo vinywaji, bahashishi na matembezi ya nchi kavu vimo ndani ya nauli, na kuna nyingine ambamo kila kimoja hudaiwa peke yake siku ya kushuka. Matibabu ni jambo la kuulizwa kabla ya yote. Meli huwa na daktari na zahanati, lakini haina hospitali, na kumhamisha mgonjwa kutoka baharini hugharimu fedha nyingi. Bima ya safari isiyotaja gharama hizo ni karatasi tu. Aidha, safari nyingi za eneo hili huanzia au kuishia mbali na Mombasa, kwa mfano Zanzibar, Ushelisheli au Cape Town. Kwa hiyo tikiti ya ndege, pasipoti, viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni mambo ya kushughulikiwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Anayeondokea Mombasa naye heri afike siku moja kabla. Matatu humngoja abiria hadi ijae. Meli haimngoji mtu, hata yule aliyechelewa sokoni Zanzibar akijadiliana bei ya kikoi.

Tatu, na hapa ndipo vijitabu vya picha huwa bubu, msafiri atarajie bahari. Meli ndogo huyasikia mawimbi zaidi ya meli kubwa. Kiswahili kina neno mahsusi kwa mwendo wa chombo kinapolala upande huu na upande huu: mrama. Mkazi wa Nairobi hulijua neno hilo kutokana na methali ya manahodha wengi, naye hulitumia anapozungumzia siasa na vyama. Atakapolisikia mwilini mwake saa nane za usiku, huku bilauri ikiteleza mezani, ndipo atakapojua kwamba wahenga hawakuwa wakitania. Atakayejali tumbo lake achague kamra ya katikati ya meli, tena ya sitaha ya chini, kwa sababu omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Kamra ya juu yenye roshani ndiyo ya bei kubwa, nayo ndiyo hupepesuka kuliko zote. Dawa ya kuzuia kulevywa na bahari humezwa kabla ya kichefuchefu kuanza. Akisubiri hadi aanze kutapika atakuwa amechelewa.

Majira nayo yana neno lake. Mabaharia wa Waswahili waligawa mwaka kwa pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza yapata Aprili na kuendelea hadi Septemba, nao ndio uliokuwa ukiyarudisha. Kusi hupata nguvu Juni na Julai, na bahari huchafuka. Baina ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha maleleji, upepo unapogeukageuka. Meli ya injini haihitaji tanga, lakini mawimbi hayajui tofauti hiyo. Ndiyo maana aghalabu meli za kitalii huonekana katika pwani hii wakati wa kaskazi. Anayepewa bei nafuu ya Julai na ajiulize sababu ya unafuu huo.

Vivyo hivyo kwa maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina baina ya maji makuu na maji ya kupwa pwani ya Kenya hufikia mita 3 na zaidi. Jambo hili ndilo huamua saa ya mashua kuwashusha abiria ufuoni, na kama watashuka gatini wakiwa wakavu au watatembea majini viatu mkononi. Ratiba iliyochapishwa kwenye kijitabu hubadilika kwa amri ya nahodha, na nahodha hubadilika kwa amri ya bahari. Mwenye kulijua neno bamvua hatanung'unika akiambiwa kuwa matembezi ya asubuhi yameahirishwa hadi alasiri.

Nne, usalama. Hapa suala la lugha hukoma kuwa la fahari na kuwa la uhai. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, na watu 32 wakapoteza maisha. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku ile ile hawakuwa wamefanya zoezi la dharura. Tangu Januari 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi hilo lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Msafiri atasikia honi fupi saba au zaidi zikifuatwa na moja ndefu. Hiyo ni ishara ya kwenda kwenye kituo chake cha kukusanyikia, ambako atafundishwa kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Asibaki kamrani akipanga nguo.

Pwani hii pia ina kumbukumbu zake. Tarehe 5 Novemba 2005, meli ndogo ya anasa ya Seabourn Spirit, iliyokuwa ikitoka Misri kuelekea Mombasa, ilishambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia. Walikuja kwa mashua mbili, wakiwa na bunduki na makombora. Nahodha aliongeza mwendo na kugeuza njia, baharia mmoja akajeruhiwa, na meli ikaishia Ushelisheli badala ya Mombasa. Kwa miaka kadhaa baadaye meli za kitalii ziliikwepa njia hiyo. Mnamo Januari 2023 mashirika ya usafiri wa meli yaliondoa Bahari Hindi katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa, lakini kuanzia mwishoni mwa mwaka huo mashambulizi yalizuka tena katika Bahari ya Shamu na nje ya Somalia. Msafiri ana haki ya kuuliza meli yake itapitia wapi, na ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa vyema.

Yamkini atatokea wa kupinga akisema kuwa mwenye uwezo wa kulipa nauli ya meli ya anasa anakijua Kiingereza, kwa hiyo mwongozo wa Kiswahili ni kazi bure. Hoja hii ina uzito kiasi, kwani ni kweli kwamba safari hizi si za kila mtu. Ila inasahau mambo matatu. Kwanza, wapo wazazi wazee wanaolipiwa safari na watoto wao waliofanikiwa, na wazee hao ndio wanaohitaji zaidi kuelezwa habari za dawa, ngazi na honi kwa lugha waliyoizoea. Pili, safari ya meli ina watu wengi wasiokuwa abiria: vijana wanaotafuta kazi za uhudumu melini, waongozaji wa watalii, wenye mashua, na wafanyakazi wa mawakala. Tatu, haki ya maelezo haipimwi kwa mfuko. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma hiyo kikamilifu, na Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki hiyo haina budi kufika pia katika kijitabu cha wakala.

Lipo pia jambo linalowahusu wanafunzi na wahadhiri moja kwa moja. Msamiati wa bahari umekuwa kama jahazi lililopandishwa pwani. Umo kamusini, umo katika tungo zinazotahiniwa, lakini haufanyi kazi. Mwanafunzi wa Nairobi hukariri methali ya kwenda tezi na omo na marejeo kuwa ngamani, akaandika maana yake kwenye karatasi ya mtihani, bila kujua kwamba ngama ni mahali halisi ndani ya chombo. Mtaalamu wa Uholanzi, A.H.J. Prins, alisafiri na kuandika kitabu kizima cha Kiingereza kuhusu ubaharia wa Lamu, kilichochapishwa mwaka 1965. Ni haki kuuliza ni wangapi katika vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu wamewahi kuketi na nahodha wa Lamu au wa Vanga na daftari mkononi.

Kazi iliyopo haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wachache wanaweza kuandaa kijitabu cha kurasa ishirini: majira na pepo, sehemu za meli, afya, gharama, stakabadhi, na zoezi la dharura. Maneno yaliyopo yatumiwe kwanza, yaani kamra, sitaha, omo, tezi, gati na bamvua, kabla ya mtu kukimbilia kubuni istilahi mpya zisizomwelea hata baharia. Wataalamu wa hali ya anga wako Dagoretti Corner, safari ya matatu moja kutoka katikati ya jiji. Mabaharia wako Mombasa, Lamu na Vanga. Baina yao anahitajika mkalimani, na mkalimani huyo ndiye anayesomea Kiswahili chuoni.

Mkazi wa Dagoretti Corner atakayepanda meli ya anasa siku moja atapewa kitanda kizuri kuliko vile vinavyouzwa kando ya Barabara ya Ngong, na chakula ambacho hatakimaliza. Hayo ataelezwa na kijitabu cha picha. Lakini upepo utakapobadilika, honi itakapolia, au nahodha atakapotangaza kuwa ufuo hauwezi kufikiwa kwa sababu ya maji kupwa, atahitaji maneno. Maneno hayo yapo, tena ni ya lugha yake mwenyewe. Ni wajibu wa wakereketwa wa Kiswahili kuhakikisha kwamba yanamfikia kabla ya nanga kung'olewa.