Bunduki ya Kuchezea

Kakao imewatia watu wa Beni na wa Watalinga fedha mkononi ambazo wazee wetu hawakuziona. Mwezi wa Desemba 2024 tani moja ya kakao ilifika bei ya zaidi ya dola 12,000 katika soko la New York. Bei ile imekwisha kushuka, tena si yote iliyomfikia mkulima. Hata hivyo wapo waliopaua nyumba kwa mabati, wapo waliolipa karo za watoto, wapo walionunua pikipiki ya kubebea magunia. Hao twawasifu. Lakini wapo na wengine, si wengi, ambao tayari wana bunduki moja ya kuwindia, nao huulizana jioni wakikaa pamoja: Je, ya pili ninunue ipi?

Tuelewane kwanza tunasema juu ya nani. Hatusemi juu ya askari, wala juu ya mlinzi wa Hifadhi. Hatusemi juu ya mzee mwenye gobore la zamani ambalo hufukuzia nyani shambani. Twasema juu ya mtu mwenye kushiba, ambaye nyama ananunua sokoni, na ambaye ataka bunduki nyingine kwa sababu apenda kupiga shabaha: leo chupa juu ya kisiki, kesho kanga na njiwa upande wa Semuliki. Ataka burudani. Basi swali lake twalijibu, wala hatulizunguki.

Naye huanza kwa kuhesabu aina. Iko bunduki ya marisau, kalibri 12, yenye mtutu mmoja au miwili. Jina hilo la 12 lina maana yake: risasi 12 za mviringo, kila moja kadiri ya tundu la mtutu, huwa na uzito wa ratli moja. Marisau yake humwua ndege mpaka hatua kama 40, kisha hupoteza nguvu, ingawa yaweza kuangukia mtu aliye mbali zaidi ya mita 200. Iko bunduki ndogo ya risasi, ile iitwayo 22, ambayo wengi huiona kama mchezo wa watoto kwa kuwa mlio wake ni mdogo. Risasi yake, ikipigwa juu kidogo, husafiri kilomita moja na zaidi. Tena iko karabini kubwa ya kuwindia nyati, ambayo risasi yake huenda kilomita kadhaa kabla ya kuanguka.

Sasa mnunuzi huyu apima uzuri, uzito, bei, na uhaba wa masasi. Vyote apima, ila kitu kimoja hakipimi: risasi ile iliyokosa njiwa itakwenda wapi? Huku kwetu hakuna jangwa. Kutoka Kamango mpaka Nobili mpakani ni mashamba na vijiji, na ndani ya kila shamba la kakao kuna mama anayepasua matunda, na mtoto anayemsaidia. Miti ya kakao huwaficha. Mpiga shabaha hawaoni, nao hawamwoni. Risasi haina macho ya kuchagua kati yao na chupa.

Twajua atajibu nini. Atasema, Mimi ni mtu wa kujihadhari. Nitapiga chini, nitapiga kilimani. Vema, na tuseme hivyo. Tuseme kwamba risasi yake haitamgusa mtu hata siku moja. Bado limesalia jambo la pili, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote: mlio.

Risasi hukoma mahali fulani, bali mlio huingia katika kila nyumba. Tarehe 11 Julai 2013 watu wa ADF waliishambulia Kamango. Waliokimbia hawakungoja kuwaona wenye bunduki, walisikia, wakaondoka. Katika siku chache watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka kuingia Bundibugyo, wazee wakibebwa mgongoni, watoto wengine wakipotezana na wazazi. Wakakaa Bubukwanga chini ya maturubai, na wengi wakapelekwa mpaka kambi ya Kyangwali. Tarehe 22 Machi 2014 mashua ya wakimbizi wa Kongo waliotoka Kyangwali wakirudi kwao ikapinduka katika Ziwa Albert, na watu zaidi ya mia moja wakafa maji, wengi wao watoto. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo yakaanza yale mauaji ya raia katika teritwari ya Beni ambayo kila parokia imezika watu wake kwa ajili yake. Na tarehe 7 Desemba 2017, kwenye daraja la Semuliki, katika njia ile ile ya Mbau kwenda Kamango, wakauawa askari wa Tanzania wapatao 15 waliokuja kulinda amani.

Basi wewe mwenye bunduki mpya, simama kitambo ukafikiri. Unapofyatua risasi moja Jumapili alasiri, huko bondeni mama hajui kama ni wewe na chupa yako. Yeye asikia mlio tu. Humshika mtoto, huacha chungu motoni, huanza kukimbia. Mjamzito hukimbia. Mgonjwa huburutwa. Jirani akimwona jirani anakimbia, naye hukimbia, na kabla jua halijatua kijiji kizima kiko njiani kuelekea mpakani. Tena askari naye asikia. Hana namna ya kujua kwamba huo ni mchezo. Atakuja na bunduki yake mbele, na atakayekutana naye kwanza njiani huenda asiwe wewe. Wazee walisema, mchezo wa paka, mauti ya panya. Furaha yako ya nusu saa hulipwa kwa hofu ya watu mia ambao hukuwauliza.

Sasa tusikie wanaotupinga, maana hoja zao si za kipumbavu.

Wa kwanza husema: Kupiga shabaha ni mchezo halali duniani pote. Ni kweli. Ulikuwamo katika michezo ya Olimpiki tangu Athene mwaka 1896, na watu wa Uswisi huupenda kama sisi tupendavyo mpira. Lakini tazama wanavyoufanya. Wana uwanja uliotengwa, wenye ukuta mnene wa udongo nyuma ya shabaha. Wana saa zilizowekwa, na kila jirani huzijua. Akisikia mlio siku ya Jumamosi, haachi chungu chake. Uwanja huo na amani hiyo ndivyo vinavyoufanya mlio kuwa mchezo. Anayenunua bunduki tu amenunua nusu ya mchezo, na nusu iliyosalia haiuzwi dukani.

Wa pili husema: Ubelgiji ni nchi ya Mtakatifu Hubert, msimamizi wa wawindaji, tena mji wa Liège umefua bunduki kwa mamia ya miaka, mbona wao waruhusiwe? Huyu na ajue yaliyotokea huko. Tarehe 11 Mei 2006, mjini Antwerpen, kijana mmoja aliingia dukani asubuhi akanunua bunduki ya kuwindia, bila kibali, kwa kuwa sheria ya siku zile haikukidai. Siku ile ile akamwua yaya aliyetoka Mali na mtoto mdogo aliyekuwa akimlea. Mwezi mmoja haukupita. Tarehe 8 Juni ikawekwa sheria mpya iliyokomesha ununuzi wa namna hiyo. Hao ndio waliofua bunduki kabla ya babu zetu kuziona, nao wakaona haya kuziuza kama viazi.

Wa tatu husema kwa uchungu: Tangu zamani Mzungu alitunyima bunduki nzuri, na leo ninyi mwatunyima tena. Neno hili lina ukweli ndani yake, wala hatulifichi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Mwafrika akaachiwa gumegume la jiwe na baruti hafifu, huku majeshi ya wakoloni na wasafiri wenye vibali wakibeba bunduki bora. Ilikuwa dharau, nasi twaiita dharau. Lakini je, heshima iliyonyimwa mwaka 1890 hurudi kwa kuwatisha majirani zako mwenyewe? Yule aliyekunyima hayumo katika shamba la kakao bondeni. Aliyemo ni shangazi yako.

Wa nne hunong'ona: Nasema burudani, lakini kweli ni kinga, majambazi wakija, nitajilinda. Ndugu, ukisema hivyo umeiacha hoja ya mchezo. Hata hivyo pima. Wewe una masasi mawili katika mtutu, nao huja wengi, usiku, na silaha za vita ambazo raia hana ruhusa kushika. Watu wenye kutafuta silaha huenda penye silaha. Habari ya bunduki mpya haifichiki. Fundi aijua, muuza masasi aijua, mtoto wako huisimulia shuleni. Leo umejinunulia kinga, kesho umekuwa ghala ya mtu mwingine.

Tusisahau sheria pia. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 yadai kibali cha serikali, nacho kibali ni cha mtu mmoja, hakikopeshwi kwa shemeji wala kwa kijana wa kazi. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 nayo yataka ruhusa yake mbali. Na ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, kuwinda ni marufuku kabisa. Wapo wanaosema msitu ni mkubwa, nani atajua? Msitu huo ndio uliompa sifa okapi. Wataalamu wa London walimtambua kwa mara ya kwanza mwaka 1901, kwa ngozi iliyotoka katika misitu ya Semuliki, na mwaka 2008 picha zake zilipigwa katika Virunga yenyewe. Mnyama aliyeokoka vita vyetu vyote asife kwa sababu ya burudani ya tajiri mmoja.

Jibu letu, basi, ni hili. Bunduki ya pili usinunue. Ile ya kwanza, kama una kibali, itoe masasi, uifunge, masasi uyaweke mahali pengine. Na kama hauna kibali, uipeleke kwa wakubwa kabla haijakupeleka wewe.

Nawe mwenye mkono mwepesi na jicho kali, unayependa shabaha kwelikweli, hatutaki kukuacha bila kitu. Kuna silaha ya shabaha isiyolia, nayo ni ya kwetu: upinde. Mambuti wa msitu huu walikuwa mabingwa wake kabla ya Liège kujengwa kiwanda kimoja. Katika Olimpiki ya leo wapiga mishale husimama mita 70 mbali, na duara la katikati la shabaha lina sentimita 12 tu. Nani kati yenu aliye tayari kujaribu? Wekeni ukuta wa udongo nyuma ya uwanja wa mpira, muwakaribishe vijana, mshindane mkapeane kuku kama zawadi. Bondeni hakuna atakayekimbia.

Mwaka 1995 huko Msumbiji, baada ya vita, makanisa ya Kikristo yalianza kazi moja ambayo askofu Mwanglikana, Dinis Sengulane, aliiongoza: mtu alileta bunduki, akapewa cherehani, au baiskeli, au majembe. Bunduki zilikatwakatwa, na mafundi wakatengeneza viti na sanamu kwa vyuma vyake. Watu wale walitoka katika bunduki wakatafuta cherehani. Sisi wa Kamango tumepewa fedha za cherehani kwa jasho la kakao. Je, tutazigeuza kuwa bunduki? Mwenye kufikiri namna hiyo na aende kwanza bondeni, awaulize akina mama mlio gani watapenda kusikia Jumapili ijayo alasiri.