Baruti ya Uzushi na Vumbi la Kweli

Wako watu katika miji yetu ambao kila wakikaa barazani, au wakishika simu mkononi, hawana habari tamu kuliko ile ya majumba ya New York yaliyoanguka tarehe 11 Septemba, 2001. Watakuambia kwamba majumba yale hayakuangushwa na ndege wala moto, bali yalitegwa baruti kwa siri na wakubwa wa Marekani wenyewe. Ukiwauliza ushahidi, watakujibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukizidi kuuliza, watakuita kibaraka.

Sisi si vibaraka wa mtu. Hatukuajiriwa kuitetea serikali ya Marekani, na msomaji atakayekwenda nasi mpaka mwisho ataona kwamba hatukuitetea. Tunalo neno moja tu la kusema. Uzushi huu wa baruti umeifunika dhuluma ya kweli, dhuluma yenye tarehe na maandishi, waliyotendewa wazima moto na vibarua wa mji ule. Mwenye kuueneza uzushi huu, akijua au asijue, anawafanyia kazi ya bure wakubwa wale wale anaodhani anawashtaki.

Tuanze na hiyo baruti.

Majumba pacha yalikuwa na ghorofa 110 kila moja. Ndege ya kwanza ililipiga jumba la kaskazini saa 2.46 asubuhi, na ya pili ikalipiga la kusini saa 3.03. La kusini likaanguka saa 3.59, la kaskazini likafuata saa 4.28. New York walikufa watu 2,753, na katika hao 343 walikuwa wazima moto wa mji. Raia walikuwa wakishuka ngazi kuokoa roho zao, na wazima moto walikuwa wakizipanda ngazi hizo hizo na mizigo mgongoni.

Wazushi husema: mafuta ya ndege hayawezi kuyeyusha chuma. Kweli, hayawezi. Chuma cha pua huyeyuka kwa joto la kama digrii 1,500, na moto ule haukufika huko. Lakini ni nani aliyesema kwamba kiliyeyuka? Nenda kwa mhunzi yeyote ukamtazame kazini. Hangoji chuma kigeuke maji ndipo akipinde. Hukitia motoni mpaka kikawa chekundu, kikalegea, kisha akakipiga nyundo atakavyo. Chuma cha pua kikifika kama digrii 600 kimekwisha poteza karibu nusu ya nguvu zake. Ndege zilikata nguzo, zikabandua kinga iliyopakwa juu ya chuma kukilinda na moto, moto ukaenea, sakafu zikalegea zikazivuta nguzo za nje kuelekea ndani, na uzito wa ghorofa za juu ukamaliza kazi. Hivyo ndivyo walivyoeleza wataalamu wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2005, na kwa mtu aliyewahi kuona tanuri la mhunzi hakuna mwujiza hapo.

Wakishindwa hapo hukimbilia jumba la tatu, lile la namba 7, lenye ghorofa 47. Hilo halikupigwa na ndege, nalo likaanguka saa 11.20 jioni. Tuwape haki yao: kuuliza kwa nini jumba hilo lilianguka ni kuuliza swali la maana, kwa kuwa kabla ya siku ile halikujulikana jumba refu la namna ile lililoangushwa hasa na moto. Lakini mwenye kuuliza swali la maana hukaa akasikiliza jibu. Jibu lilitolewa Novemba 2008. Vifusi vya jumba la kaskazini viliwasha moto ndani ya jumba lile, ukawaka kama saa 7. Vipulizi vya maji katika ghorofa za chini vilikuwa vikavu, kwani mabomba makubwa ya mji yalikuwa yamevunjika. Mihimili ya sakafu ikatanuka kwa joto, ikausukuma mhimili mkubwa ukachomoka penye nguzo namba 79, ghorofa zikaangukiana, na nguzo ile ikabaki haina cha kuishika. Na wanaoshikilia kwamba moto hauwezi kuangusha jumba la chuma, watazame mji wa Tehran Januari 2017. Jumba la Plasco, lenye ghorofa 17, liliwaka moto likaanguka mbele ya kamera, likawafunika wazima moto waliokuwamo.

Basi husema: Mbona watu walijua mapema kwamba namba 7 litaanguka? Walioambiana hivyo ni wazima moto. Mchana ule waliuona ukuta umevimba, wakasikia jumba likilia, na viongozi wao wakaamuru watu waondoke na eneo zima liachwe wazi. Kwa sababu hiyo lilipoanguka halikuua mtu hata mmoja. Huo ndio ujuzi wa kazi, tena ujuzi wa watu waliokuwa wamepoteza wenzao 343 asubuhi ile ile. Lo! Mzushi anauchukua ujuzi huo na kuugeuza kuwa ushahidi wa njama. Maana yake, kama maneno yana maana, ni kwamba watu wale walishirikiana na wauaji wa ndugu zao. Tunasema hilo ni tusi, na mwenye haya asingelitamka.

Sasa tuje kwenye vumbi.

Majumba yale yalipoanguka yalisagika. Saruji, vioo, nyuzi za kioo, risasi ya rangi na mitambo, na asbestosi iliyokuwa imepakwa katika sehemu ya jumba la kaskazini, vyote viligeuka unga, vikachanganyika na moshi wa plastiki na mafuta. Moto wa chini ya vifusi uliendelea kuwaka mpaka Desemba 2001, na kazi ya kusafisha haikwisha mpaka Mei 2002. Muda huo wote walikuwako watu pale juu ya vifusi: wazima moto wakitafuta maiti za wenzao, askari, wajenzi, vibarua wa kufagia nyumba za jirani, wengi wao wahamiaji. Mitungi ya hewa ya wazima moto hutosha dakika chache za moto. Haikutengenezwa kwa kazi ya miezi. Siku za mwanzo wengi walifanya kazi na barakoa ya karatasi, au kitambaa, au pua tupu.

Je, wakubwa waliwaambia nini watu hawa? Tarehe 18 Septemba, 2001, siku 7 tu baada ya msiba, Bibi Christine Todd Whitman, mkuu wa idara ya kulinda mazingira ya Marekani, aliwatangazia watu wa New York kwamba hewa yao ni salama kuvuta. Soko la hisa la Wall Street lilikuwa limefunguliwa siku moja kabla. Miaka miwili baadaye, Agosti 2003, mkaguzi wa idara ile ile alitoa ripoti yake. Aliandika kwamba wakati tangazo lile linatolewa idara haikuwa na vipimo vya kutosha kusema hivyo. Kwamba zaidi ya robo ya vumbi lililokwisha pimwa lilikuwa na asbestosi kupita kiwango. Kwamba ofisi ya Ikulu ilizipitia taarifa za idara ikaongeza maneno ya kutuliza na kufuta maneno ya kuonya. Na kwamba hamu ya kulifungua soko la Wall Street ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyotiwa katika mizani.

Msomaji, soma tena maneno hayo. Hayakuandikwa na adui wa Marekani. Yaliandikwa na mkaguzi wa serikali yenyewe, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Hapo ndipo penye kisa cha kuwafanya watu wakasirike. Upande mmoja wa mizani paliwekwa soko la fedha, upande wa pili yakawekwa mapafu ya wafanyakazi, na soko likawa zito zaidi. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ilisema Bibi yule hawezi kudaiwa. Mwaka 2016 akasema anasikitika kwa walioumia, ila walifanya walivyoweza kwa ujuzi waliokuwa nao.

Nao wagonjwa? Mfuko wa kwanza wa fidia ulifunga mlango wa maombi Desemba 2003, wakati saratani nyingi zilikuwa hazijajitokeza, kwani ugonjwa huu haufuati kalenda ya makarani. Sheria ya James Zadroga, iliyotiwa saini Januari 2011, iliwapa wagonjwa matibabu, lakini saratani iliachwa nje mpaka 2012. Februari 2019 mfuko ukatangaza kwamba fedha zinakwisha na malipo yatakatwa kwa nusu na zaidi. Mpelelezi wa polisi Luis Alvarez, aliyekuwa amekondeshwa na saratani, alikwenda Washington Juni mwaka ule kuwasihi wabunge kwa ajili ya wenzake. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amefariki. Ndipo sheria ikapitishwa Julai, fedha zikahakikishwa mpaka mwaka 2090. Na ilipofika Septemba 2023, wazima moto na watumishi wa idara ya moto ya New York waliokufa kwa maradhi ya vumbi lile walikuwa wametimia 343, sawasawa na waliokufa siku yenyewe.

Hata hapa mzushi hakosi neno. Wako wanaosema saratani hizo zinathibitisha kwamba chini ya majumba palilipuliwa bomu la atomiki! Tunawajibu hivi. Mwaka 2013 taasisi ya usalama kazini ya Marekani ilitoa matokeo ya kuwachunguza wazima moto karibu 30,000 wa San Francisco, Chicago na Philadelphia, waliofanya kazi tangu 1950. Saratani zilionekana kwao kwa asilimia 9 zaidi kuliko kwa watu wengine, na vifo vya saratani vilizidi kwa asilimia 14. Saratani ya utando wa mapafu, itokanayo na asbestosi, ilikuwa mara mbili. Je, Chicago nako lililipuliwa bomu? Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka kazi ya kuzima moto katika daraja la kwanza la mambo yanayoleta saratani, mahali pamoja na asbestosi na tumbaku. Halikusema kazi ya New York. Lilisema kazi ya kuzima moto, popote duniani.

Kwa hiyo neno hili linatugusa sisi. Watu wa nchi hizi wanajua vifusi. Tarehe 7 Agosti, 1998, watu wale wale wa al-Qaeda walipolipua balozi za Marekani, jumba la Ufundi lilianguka Nairobi, na wananchi wakachimba kwa mikono wakiokoa wenzao ndani ya wingu la vumbi. Dar es Salaam nako damu ilimwagika siku ile ile. Moto wa masoko, viwanda na maghala hatuukosi, na kila ukiwaka tunapiga kelele: Zimamoto wamechelewa! Ni haki kupiga kelele. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza wanavuta nini wanapofika?

Basi sisi tunauliza, na tunataka wakubwa wajibu. Mzima moto ana barakoa ya kweli mpaka vifusi vipoe, au anaivua moto ukizimika? Koti lenye masizi linafuliwa kituoni, au analipeleka nyumbani kwa watoto wake? Afya yake hupimwa mwaka kwa mwaka na kuandikwa? Madaktari wa New York waliweza kuthibitisha mwaka 2011 kwamba wazima moto waliofika kwenye vumbi walipata saratani kwa asilimia 19 zaidi kuliko wenzao wasiofika, kwa sababu idara yao ilikuwa na daftari la afya zao tangu kabla ya msiba. Pasipo daftari hapana ushahidi, na pasipo ushahidi mjane hapati kitu.

Mwenye hatia hupenda ashtakiwe kwa jambo ambalo hakulitenda, maana atalikana mchana kweupe na watu watamwamini. Kila saa inayopotezwa kubishana juu ya baruti ni saa moja aliyopewa yule aliyesema hewa ni safi. Tuiache baruti. Tuulize habari ya vumbi, tena tuulize kwa sauti, tuanzie na kituo cha zimamoto kilicho karibu na nyumba zetu.