Kupika Risasi Gereji: Usianze na Mashine ya Mbio

Leo safu inapanda ndege mpaka Unyamwezini. Mshikaji mmoja aliyeko Texas kaniandikia swali ambalo ukilisema kwa sauti ndani ya daladala, abiria wote wanashuka na kondakta anawafuata. Anasema jirani yake anatengeneza risasi mwenyewe gereji, jioni baada ya kazi, redio ikiimba pembeni. Naye kanogewa, anataka kujua anunue mashine gani ya kuanzia.

Usishtuke. Kule ni hobi tu, kama hapa mtu anavyofuga njiwa. Ukitengeneza za kwako mwenyewe, serikali kuu ya Marekani haikudai leseni. Ukianza kuzifanyia biashara, hapo ndipo leseni inapohusika.

Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya njano. Kuna fataki, kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na pini (siyo wale mafataki wa redioni mwaka 2008 waliokuwa wanawawinda wanafunzi). Kuna baruti, halafu kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Ukifyatua, vitatu vinakwenda zake, ganda linabaki. Na ganda mara nyingi ndilo lenye bei kuliko wenzake. Kwa hiyo jamaa analiokota, analisafisha, analibana lirudi umbo lake, anatia fataki mpya, baruti na kichwa. Basi.

Sasa mshikaji, kabla ya mashine, kwanza toa pasipoti yako mfukoni uiangalie. Umeingia kwa karatasi gani? Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa visa ya muda, ya masomo, ya matembezi na kadhalika, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na kibali halali cha kuwinda. Na hapa ndipo vijana wengi wanaweza kuingizwa mjini: kwenye sheria hiyo, neno risasi linabeba hata ganda, fataki, baruti na kichwa vikiwa mbalimbali. Hujafyatua, huna hata bunduki, ila una pakiti ya fataki chini ya kitanda, tayari umo. Kifungo kinaweza kufika miaka 15 tangu sheria ilipokazwa mwaka 2022. Mwenye kadi ya kijani haguswi na katazo hilo la visa. Lakini kila jimbo lina ya kwake, kwa hiyo muulize mwanasheria, usimuulize jirani. Na usije ukasema utamletea mjomba mashine moja huku Bongo kama zawadi. Sisi tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi nyumbani bila kibali ni kujitafutia kesi.

Kama karatasi zako ziko safi, tuendelee.

Mashine ni za namna tatu. Ya kwanza inafanya kazi moja kwa wakati mmoja. Unavuta mkono, ganda moja linabanwa, unatoa, unaweka jingine. Ukimaliza yote unabadilisha dai, unaanza upya hatua inayofuata. Ya pili ina kichwa kinachozunguka chenye dai zote, hivyo hubadilishi kila saa. Ya tatu ndiyo inayowatoa watu udenda. Sahani yake inazunguka na maganda kadhaa, kila moja likiwa kwenye hatua yake, na ikishajaa, kila ukivuta mkono risasi moja inadondoka imekamilika. Kampuni ya Dillon ya Arizona imejijengea jina kwa mashine hizo. Zinatoa mamia kwa saa moja, wakati ile ya kwanza ukipata 50 mpaka 100 umejitahidi.

Kijana wa mjini atataka ya tatu. Najua. Vijana wetu hata simu ya kwanza wanataka iwe ile aliyonayo bosi. Lakini kwenye ile mashine ya mbio mambo manne yanatokea kwa mpigo mmoja, na wewe una macho mawili tu. Kitu kikikwama, ukirudisha mkono nusu halafu ukavuta tena, ganda linaweza kupata baruti mara mbili. Baruti ya bastola ni kidogo sana, mara nyingi haijazi hata nusu ya ganda, kwa hiyo dozi mbili zinaingia bila kumwagika na kichwa kinakaa juu yake vizuri kama hakuna kilichotokea. Siku ya kufyatua, bastola inapasuka mkononi. Kinyume chake nacho ni kibaya. Ganda likikosa baruti kabisa, fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa kikaishia katikati ya mtutu. Mlengaji anasikia kamlio ka ajabu, anadhani risasi mbovu, anafyatua nyingine. Hiyo ya pili inakuta njia imezibwa.

Ndiyo maana ninamshauri mshikaji achukue ile ya kazi moja. Ukishatia baruti maganda 50, yote yako mbele yako kwenye trei, unawasha taa na kuchungulia moja moja kabla ya kufunga. Lililozidi utaliona, tupu utaliona. RCBS wana yao inaitwa Rock Chucker, pande la chuma ambalo mtu anaweza kumrithisha mwanaye. Lee wa Wisconsin wanauza za bei ya chini zaidi, na Hornady wa Nebraska nao wamo. Zipo seti zilizofungwa pamoja, mashine, mizani na vikorokoro, kuanzia dola 200 na kitu mpaka karibu 500. Ile ya mbio inapita dola 600 kirahisi, kabla hujaongeza vifaa vyake.

Pesa iliyobaki iende kwenye mizani. Hapa usibane. Baruti inapimwa kwa grein, na grein 1 ni kama miligramu 65. Mizani inatakiwa isome mpaka sehemu ya kumi ya hiyo, yaani miligramu 6 na nusu. Kidonge cha panadol kina dawa miligramu 500, sasa piga hesabu mwenyewe. Mizani ya sokoni ya kupimia dagaa haihusiki hapa. Nunua na uzito wa kujaribia, uihakikishe kila unapokaa mezani.

Halafu kitabu. Lyman na Hornady wanavyo, kila baruti na kila kichwa na kipimo chake cha kuanzia na cha mwisho. Unaanza na kile cha chini. Kipimo cha kuambiwa na mtu baa kiache huko huko baa.

Venia ya kupimia urefu, miwani ya kukinga macho, nyundo ya kuzifumua ulizokosea, hivyo vinajieleza. Mezani liwe kopo moja tu la baruti, usije ukachanganya. Sigara nje. Na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, maana kwenye vichwa na masizi ya fataki kuna madini ya risasi ambayo ni sumu.

Akiba je? Kwa ile ya bastola ya milimita 9, inayomwagwa na viwanda kwa mamilioni, ni kiduchu, muda wako ukiuhesabu huoni kitu. Faida anaipata mwenye bunduki ya risasi adimu, na mlenga shabaha anayetaka kila moja ifanane na mwenzake. Na wakati wa Korona, kuanzia 2020, fataki ziliadimika madukani, wenye mashine za bei mbaya wakabaki kuzifuta vumbi.

Vitu vya mtumba? Mashine chukua bila wasiwasi, chuma ni chuma. Dai angalia kutu. Mizani ya mtumba ijaribu hapo hapo kabla hujatoa noti. Lakini kopo la baruti lililokwisha funguliwa, hata kama lebo inang'aa na mwenyewe anakupa bure, mwachie.