BARAZANI KWETU: Lile Lilikuwa Bao?



Mama mmoja wa huku Point ametuletea barua fupi yenye swali moja: je, lile lilikuwa bao au halikuwa? Yeye mwenyewe, asema, hana haja na mpira. Haja yake ni wanawe wawili, mmoja wa Yanga na mwingine wa Simba, ambao hadi leo hawawezi kula sinia moja bila ya jambo hilo kuzuka na sauti kupanda. Ametuchagua sisi kwa kuwa tulikuwa walimu, na walimu hudhaniwa kuwa na jibu la kila kitu.

Wasiofuatilia kandanda wakumbushwe. Katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Young Africans walitoka suluhu 0–0 na Mamelodi Sundowns jijini Dar es Salaam, tarehe 30 Machi 2024. Marudiano yalikuwa Pretoria, katika uwanja wa Loftus Versfeld, usiku wa Ijumaa tarehe 5 Aprili, kumi la mwisho la Ramadhani, hata safu za tarawehe zikapungukiwa na vijana (nasi hatutasema ni za msikiti gani). Kipindi cha pili Aziz Ki akaachia mkwaju mkali. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania, ambaye Februari ya mwaka huohuo alichezesha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, hakutoa bao. Waamuzi wa video wakapitia, uamuzi ukabaki palepale. Mchezo ukaisha 0–0, na Sundowns wakapita kwa penalti 3–2. Usiku huohuo Simba nao walitolewa na Al Ahly kule Cairo, kwa hiyo yule mtoto wa pili hana la kujivunia ila ulimi tu.

Sheria ya 10 ya mchezo yataka mpira wote uwe umevuka mstari wote, ama chini ama hewani. Mpira una upana wa sentimita 22 hivi, na mstari hauruhusiwi kuzidi sentimita 12. Nusu ya mpira kuwa ndani si kitu. Hata robo tatu si kitu. Hapa ndipo macho yanapodanganya, na wazazi waweza kulithibitisha jambo hili nyumbani. Chukueni chungwa, mchore mstari wa chaki mezani, kisha mliinue chungwa kiasi cha shibiri, sawasawa juu ya mstari. Mtoto mmoja asimame upande wa uwanjani, mwingine nyuma ya goli, wote wakitazama kutoka juu kidogo. Wa kwanza ataapa kuwa limeingia, wa pili ataapa kuwa halijafika. Kwa hiyo picha ya kamera isiyokaa sambamba na mstari, hata ichorwe mistari myekundu mingapi na kusambazwa katika simu, haiwezi kuumaliza ubishi.

Ubishi wenyewe si mgeni. Tarehe 30 Julai 1966, mjini London, mpira wa Geoff Hurst uligonga mwamba namna hiyohiyo katika fainali ya Kombe la Dunia. Mwamuzi Gottfried Dienst wa Uswisi akaenda kumuuliza mshika kibendera Tofiq Bahramov, aliyetoka Azerbaijan ya Kisovieti, naye akasema ni bao. Uingereza ikashinda 4–2, na Wajerumani hawajaridhika mpaka kesho. Tarehe 27 Juni 2010, hapa hapa Afrika Kusini, kule Bloemfontein, mkwaju wa Frank Lampard dhidi ya Wajerumani haohao uligonga mwamba ukatua ndani ya goli, kila mtu akiuona, ila waamuzi. Kutokana na aibu ile, mwaka 2012 chombo cha kielektroniki cha kuulinda mstari wa goli kikaruhusiwa. Pretoria hakikuwapo. Hapo ndipo penye lawama ya haki kwa maoni yetu: shirikisho linaloendesha mashindano makubwa kiasi hicho linamwachia binadamu kazi ambayo chombo chaiweza. Tukiulizwa macho yetu yalionaje, yaliona bao. Lakini yaliona kutoka pale kamera ilipowekwa.

Tuje kwa watangazaji, maana vijana wengi hushika neno lao kama ushahidi. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam tulimsikiliza Ahmed Jongo, na Wakenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, yuleyule wa kipindi cha “Je, Huu ni Ungwana?” Hatukuwa na picha ya kuwabishia, waliposema mpira umepaa, ulipaa. Leo picha ni moja na sauti ni mbili, ya Kiswahili na ya wenyeji, na kila nyumba huchagua ile inayoipendeza. Mtangazaji hutakiwa atamke upesi, na moyo wake uko kwao. Si dhambi. Lakini asiitwe shahidi.

Lipo jingine zito zaidi. Patrice Motsepe, Rais wa CAF tangu Machi 2021, ndiye aliyekuwa akiiongoza Sundowns kabla ya hapo, na mwanawe ndiye aliyeshika uenyekiti wa klabu. Kuuliza kama hali hiyo inafaa ni haki ya kila mpenda mpira. Ila kutoka hapo hadi kusema mwamuzi alihongwa ni safari ndefu, na katika barua zetu hakuna hata mmoja aliyeisafiri kwa ushahidi. Kumsingizia Muislamu wizi usiku wa kumi la mwisho, kwa jambo lililoonekana kwenye kioo! Sundowns wenyewe, kwa taarifa, walitolewa na Esperance ya Tunis katika nusu fainali.

Nasi twaishi hapa. Waliokuwapo Durban Aprili 2015 wanajua duka hufungwaje kwa haraka, na watoto huchukuliwaje shuleni kabla ya saa. Kijana anayepaza sauti ndani ya teksi kwamba “hawa wote ni wezi” hamsemi Beida wala Motsepe. Anamsema dereva, na jirani aliyetupokea. Tena jirani zetu wengi ni wa Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, nao hawaipendi Sundowns hata kidogo. Angewauliza taratibu, angepata wa kulia naye.

Mama wa Point atuarifu kama jaribio la chungwa limefaulu. Chaki tunayo, akihitaji.

Wassalaam.