Mchango Unaofunga Geti

Kabla ya uhuru, mtoto wa Eldoret alipangiwa shule kwa rangi yake. Walowezi walikuwa na zao, Hill School na Highlands zikiwemo. Wahindi walikuwa na zao. Mwafrika akaambulia zilizobaki. Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ilipendekeza mfumo mmoja kwa watoto wote, na Highlands leo ni Moi Girls. Ila shule zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kutoza karo kubwa, na waliotangulia kuingia wakawa watoto wa maafisa na matajiri.

Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, wenye uwezo waliwahamishia watoto wao akademi za kibinafsi. Watoto hao wakifika sekondari, wazazi wao wanarudi kwa kishindo kuzigombania shule zile zile za umma, na wakishaingia, wao ndio wenye sauti.

Karo ya serikali kwa shule ya kitaifa ya bweni mjini hapa ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Muuza mboga wa mtaa wa Langas huihangaikia kwa basari na harambee. Kinachomwangusha ni nyongeza zinazopitishwa kwenye mkutano wa wazazi: motisha ya walimu, basi jipya, masomo ya ziada. Mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, mikono inanyooshwa. Naye kule nyuma ananyoosha wake, kwani nani anataka mwanawe ajulikane kuwa wa yule aliyekataa? Katikati ya muhula binti anarudishwa nyumbani kwa salio la mchango ambao mama yake "aliukubali".

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka malipo ya namna hiyo yaidhinishwe na waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na inakataza mtoto kuzuiwa kusoma kwa kushindwa kuyalipa. Mkutano wa wazazi hauna uwezo wa kuitangua.

Siwalaumu wanaotaka basi. Wengi wao walisomeshwa kwa michango ya kijiji kizima, na aliyekuja na kuku alipokewa sawa na aliyekuja na ng'ombe. Wachange vivyo hivyo, kila mtu kwa uwezo wake. Nayo bodi ya elimu ya kaunti yetu ya Uasin Gishu itoe orodha ya malipo yaliyoidhinishwa, ibandikwe kwenye geti la kila shule kabla muhula haujafunguliwa.